Miguu Iliyokanyaga Ukungu

Tusajigwe alipokuwa akimchua mtu, macho yake hayakuwa kwenye mikono. Yalikuwa dirishani. Dirisha lenyewe lilikuwa dogo, halina kioo, limeelekea milima ya Usafwa, na asubuhi za kipupwe lilijaa weupe mtupu, hata aliyeingia angedhani mama huyu anamngoja mtu atokee kwenye ukungu. Hakuwa akimngoja mtu. Alijua tu kwamba macho yakienda mbali, vidole husikia vizuri zaidi.

Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mjane wa makamo, na hapo Mbalizi alikuwa amekaa tangu mume wake alipoacha kuchimba dhahabu Chunya. Kazi ya kuchua aliipatia huko huko Chunya, wakati wanaume walipokuwa wakitoka mashimoni wamepinda kama mundu, na bibi mmoja Mnyiha akamwonyesha jinsi ya kulitafuta fundo la msuli kwa kidole gumba na kulishikilia bila haraka mpaka lijifungue lenyewe. Mume alikufa, bibi alikufa, kazi ikabaki. Walimjia wabeba magunia, wanawake waliobeba kuni tangu utoto, madereva wa malori waliorushwarushwa na barabara. Aliwalaza kwenye kitanda cha kamba, akawapaka mafuta ya nyonyo yaliyopashwa moto, akawakanda kwa kitambaa cha maji ya moto, na wengi walisinzia. Watu walisema kwa Tusajigwe unakwenda na mgongo, unarudi na ndoto.

Mwaka wa hamsini na sita, mvua za mwisho zilipokuwa zinakatika, aliletewa Philbert.

Alikuja ameshikwa upande mmoja na mke wake, Paskalina, na upande wa pili na kaka yake, Kalinga, Mhehe mrefu aliyekuwa akiuza mbao pale Mbalizi. Philbert alikuwa mpasua mbao kule Mufindi, mbele ya Mafinga. Yeye alikuwa mtu wa juu: alisimama juu ya gogo akivuta msumeno kwenda mbinguni, na mwenzake alisimama ndani ya shimo akiuvuta kwenda ardhini. Mgongo ulianza kumuuma wakati wa mavuno yaliyopita. Alidhani ni msumeno. Kila mtu alidhani ni msumeno. Kalinga alimfuata kwa lori, akasema Iringa nzima hakuna mikono kama ile ya Mbalizi.

"Kamwene," Philbert alisalimu kwa Kihehe, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa kusumbua.

Tusajigwe akaitikia kwa Kinyakyusa. Wakacheka kidogo, wakaanza upya kwa Kiswahili, ambacho kwao wote kilikuwa lugha ya kukutania njiani.

Siku hiyo ya kwanza vidole vyake vilikuta mgongo mgumu kama ubao wa mninga. Misuli ilikuwa imekaza pande zote mbili za uti, imejishikilia, kama watu wanaoegemea mlango ili mtu wa nje asiingie. Tusajigwe alishangaa kidogo, kwa maana mtu mwenyewe alikuwa amekonda, na mtu aliyekonda huwa hana misuli ya ukaidi kiasi hicho. Lakini mafuta yalikuwa ya moto, chumba kilikuwa kimya, nje jogoo aliwika mara moja akanyamaza, na Philbert akalala. Alipoamka alisema ameota yuko juu ya gogo, anapasua. Unga wa mbao ulikuwa unashuka shimoni kama theluji wanayoisimulia wamisionari. Alimwita mwenzake aliyeko chini, na mwenzake akamjibu kwa kuvuta msumeno tu.

Akaendelea kuja. Alifika asubuhi, ukungu ukiwa bado barabarani, akaondoka jua likiwa limeshachungulia. Kila mara alilala, na kila mara alirudi na ndoto ambayo aliisimulia polepole huku Paskalina akimvisha koti: mara msitu unatembea, mara mama yake anapepeta mahindi juu ya mawingu. Tusajigwe alizoea kuzisubiri zile ndoto. Alikuwa mjane, jioni zake zilikuwa ndefu, na ndoto za mtu mwingine zilimtosha kuwa mazungumzo.

Maumivu yakapungua. Philbert mwenyewe alisema hivyo, tena kwa furaha. Moto uliokuwa ukimshuka kwenye mapaja ulikuwa umezimika. Asubuhi moja alisimama mlangoni, mkono kwenye fimbo, akamwambia Tusajigwe jambo ambalo wote walilicheka kwa wema.

"Mama, leo nilipokuwa nakuja nilikuwa nakanyaga ukungu. Ardhi hainigongi tena. Naona kama miguu imepewa mto wa sufi."

Kalinga alifurahi mno. Jumapili ile alileta jogoo mwekundu, akamshukuru Tusajigwe kwa jina mbele ya watu waliokuwa wakitoka kanisani, na kina mama wakamwangalia kwa jicho jipya. Tusajigwe alipokea jogoo kwa mikono miwili. Lakini alipokuwa akienda nyumbani, maneno yale ya kukanyaga ukungu yalimfuata. Aliona kama yanatembea nyuma yake, yakisimama kila aliposimama.

Kulikuwa na mzee wa kanisa aitwaye Yotamu, aliyekuwa dresa wa jeshi wakati wa vita na sasa alifunga vidonda kwenye zahanati ndogo ya Mbalizi. Yeye na Tusajigwe walikuwa na mazoea ya kukaa kwenye benchi la kanisa baada ya ibada, wakizungumza habari za miili ya watu kama wengine wanavyozungumza habari za mashamba. Zamani kidogo Yotamu alimwambia kwamba hospitali ya jeshi nayo ilikuwa na watu wa kuchua, na wakubwa wao waliwafundisha kutenganisha maumivu. Maumivu ya kazi, alisema, hulala mwili ukilala. Yapo mengine hayalali. Mtu amepumzika, yenyewe yako macho. Hayo usiyaguse, yalete kwangu, nami nitayapeleka mbele kwa daktari. Tusajigwe aliyasikia maneno yale kama mtu anavyosikia habari za nchi ambayo hatafika.

Wiki ile ile alikuwa akimkanda Philbert. Alichovya kitambaa kwenye sufuria, akakiinua kwa kijiti kikachuruzika, akakiweka nyuma ya goti, kama kawaida. Macho yake yalikuwa dirishani. Ndipo mkono wake mwenyewe, uliokuwa umelishika pindo la kitambaa, ukaungua. Alikuwa amesahau kuongeza maji baridi. Alikivuta kitambaa haraka, akaona ngozi ya Philbert imekuwa nyekundu, upana wa kiganja, mvuke ukitoka.

Philbert alikuwa macho. Hakuwa amelala. Alikuwa ameegemeza shavu kwenye mikono yake, akimsimulia Paskalina kuhusu mizinga ya nyuki ya baba yake, na hakukatisha sentensi.

Tusajigwe alisimama pale, kitambaa mkononi, na chumba kikawa mbali naye. Alimsikia Paskalina akicheka. Aliusikia mto Mbalizi ukipita chini kwenye mawe. Alipaka mafuta juu ya mahali palipoungua, kisha akapandisha kidole kwenye uti, pingili baada ya pingili, taratibu, kama mtu anayetafuta njia gizani. Katikati ya mgongo kidole kilipanda juu ya kitu. Kilikuwa kinundu kidogo, kigumu, cha mfupa wenyewe. Alipokigusa kwa wepesi, Philbert alishtuka mwili mzima.

"Hapo pana moto," alisema. Kisha akaendelea na nyuki.

Hakumchua tena siku hiyo. Alimfunika shuka, akasema mafuta yamekwisha.

Swali lililobaki lilikuwa gumu, kwa sababu mwanamke hawezi kumwuliza mume wa mtu jambo kama hilo. Alimfuata Paskalina mtoni. Alimkuta anafua mablanketi, mapema, kabla wanawake wengine hawajashuka, na baridi ilikuwa kali hata mikono ya Paskalina imekuwa ya zambarau. Tusajigwe alikaa kwenye jiwe akashika ncha ya pili ya blanketi, wakalikamua pamoja. Aliuliza kwa kuzunguka. Paskalina naye alijibu kwa kuzunguka, mpaka maneno ya wote wawili yakakutana mahali pamoja, naye akaanza kulia kimya kimya. Kwa siku kadhaa mume wake hakuwa anajua haja ndogo inapomjia. Wakati mwingine alisimama muda mrefu nyuma ya nyumba na isitoke, kisha ikatoka akiwa amelala. Alikuwa amemwapisha mke wake asimwambie mtu, hasa Kalinga.

"Anasema ni baridi ya huku Mbeya," Paskalina alisema. "Nami nikakubali iwe baridi."

Tusajigwe alimwambia kwamba haikuwa baridi.

Jioni, wakati watu wanachota maji na moshi umelala juu ya mapaa, alikwenda nyumbani kwa Kalinga akiwa na mzee Yotamu. Aliwaambia wote kwa pamoja kwamba maradhi ya Philbert si ya kuchua. Kuna kitu kwenye mfupa, alisema, na hicho kitu kinafunga njia ya miguu. Kupungua kwa maumivu hakukuwa kupona. Miguu ilikuwa imeacha kusema. Yotamu akaongeza kwamba hospitali ya serikali iko Mbeya mjini, si mbali, na kwamba mtu asiyehisi moto na asiyeshika mkojo hangoji juma liishe.

Kalinga alikuwa mtu wa heshima, hivyo hakupandisha sauti, na hilo lilifanya maneno yake yaume zaidi. Alisema ndugu yake alikuja akilia kwa maumivu, sasa halii. Alisema majuzi tu mama huyu amepokea shukrani mbele ya kanisa. Kama amechoka, aseme amechoka. Kama kuna kitu anataka, aseme. Lakini mganga anayemwacha mgonjwa katikati ya mto, kwao Iringa ana jina lake, na jina hilo hakulitaja.

"Mikono yangu haitaugusa tena mgongo wake, baba," Tusajigwe alisema. "Nikiugusa nitamvunja."

Philbert alikuwa amekaa karibu na moto, blanketi mabegani. Aliyasikia yote. Aliposema, alisema na Tusajigwe peke yake, kama vile wengine wako chumba kingine. Alimwomba amchue mara moja tu, kesho, ya mwisho. Alisema hospitali anaijua. Mwenzake wa shimoni, yule wa chini, alipelekwa hospitali mwaka uliopita akiwa anatembea, akarudi kwenye sanda. Akasema kitandani kwake Tusajigwe ndiko mahali pekee anapoota vizuri.

Hakuna aliyewahi kuisifu kazi ya Tusajigwe hivyo, na sifa yenyewe ilikuwa ndiyo mtego. Mama yule alimsogelea, akapiga magoti mbele yake, akamwambia afumbe macho.

"Nimekushika kidole kipi?"

Philbert alifumba macho, akatabasamu kidogo kama mtoto kwenye mchezo. Moto ulitoa mlio. Alisubiri.

"Bado hujanishika," alisema.

"Nimekushika. Niambie kipi."

"Mama, hujanishika."

"Fumbua macho."

Alifumbua. Tusajigwe alikuwa ameufumbata unyayo wake wote kwa mikono miwili, ameubana kwa nguvu mpaka kucha zimeingia kwenye ngozi. Philbert aliitazama mikono ile kwa muda mrefu. Aliutazama mguu wake kama mtu anayeona kitu cha jirani kimewekwa kwenye uwanja wake. Kisha akamwangalia kaka yake, na uso wake ukawa wa mtu aliyeamka.

"Kaka," alisema, "nitafutie usafiri."

Usafiri ulikuwa shida nyingine. Kalinga alitaka kumpakia kwenye lori la mbao alfajiri. Yotamu alikataa, akasema barabara ile itamrusha, na mfupa mgonjwa haurushwi. Basi Kalinga, ambaye sasa alikuwa akifanya kila kitu haraka kana kwamba anakimbizana na maneno yake mwenyewe, akang'oa mlango wa nyumba yake kwenye bawaba. Wakatandika mablanketi juu yake, wakamlaza Philbert chali, wakamfunga kwa shuka asiteleze, na wanaume wa kanisa wakapokezana kumbeba.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Waliokuwa mbele hawakuonekana na waliokuwa nyuma. Nyayo zilisikika, na pumzi, na mara kwa mara mtu akisema badilisha, basi bega jipya linaingia chini ya mlango. Wafanyakazi wa mashamba ya pareto walitokea ghafla kando ya barabara, wakavua kofia wakidhani ni msiba, kisha wakamwona marehemu akiwapungia mkono. Tusajigwe alitembea pembeni, kiganja juu ya ukingo wa ubao. Philbert alikuwa akitazama juu, ambako hakukuwa na kitu ila weupe unaopita. Alisema anahisi mlango ndio umesimama, na dunia ndiyo inayobebwa. Paskalina alimwambia anyamaze apumzike. Mlima Loleza ulijitokeza juu ya mji bila miguu, kilele tu, ukielea, kisha ukafunikwa tena.

Daktari aliyewapokea alikuwa Mwafrika, Daktari Timotheo, mtu mnene kidogo mwenye sauti ya chini, aliyenawa mikono muda mrefu kabla ya kumgusa mgonjwa. Alimgonga magoti kwa nyundo ndogo ya mpira. Alimchoma miguu kwa pini, akipandisha polepole, akimwambia aseme anapohisi, na Philbert hakusema kitu mpaka pini ilipofika karibu na kitovu. Aliuliza jasho la usiku. Aliuliza homa za jioni, na uzito uliopotea. Paskalina alijibu ndiyo, ndiyo, na kila ndiyo ilimchoma Tusajigwe, kwa maana haya yote yalikuwepo na hakuwahi kuyauliza. Mwisho daktari akauliza kama kuna mtu aliyekuwa akikohoa karibu naye.

Paskalina alifikiri. Ndipo alipomkumbuka yule mwenzake wa shimoni. Alikohoa msimu mzima, alisema. Walikuwa wakila chungu kimoja, wakilala kibanda kimoja msituni.

Picha ya mifupa ilipotoka, daktari aliishika kwenye mwanga wa dirisha akawaonyesha. Pingili mbili zilikuwa zimeliwa upande wa mbele, zimeinamiana. Ilikuwa TB, ile ile ya kifua, ila safari hii ilikuwa imejenga kwenye uti wa mgongo. Usaha ulikuwa umekusanyika hapo na unaubana uzi unaopeleka habari miguuni. Alisema zamani ugonjwa huu haukuwa na jibu. Sasa kulikuwa na sindano na vidonge, na kulala juu ya kitanda cha plasta, ile chokaa nyeupe inayoganda kufuata umbo la mwili, bila kukaa wala kusimama kwa miezi mingi. Alisema miguu inaweza kurudi, inaweza isirudi. Hakutaka kuwaahidi kitu.

Baadaye alimwita Tusajigwe barazani. Yotamu alikuwa amekwisha kumweleza habari za kitambaa cha moto na za mazungumzo ya mtoni. Daktari hakumsifu sana. Alimwambia kwamba kuuchua mgongo ule kwa nguvu kungeweza kuuvunja, na kwamba ameacha kwa wakati, ingawa si mapema. Tusajigwe aliinamisha kichwa. Ndipo akamwomba, kwa sauti ndogo, amfundishe kuuliza.

Daktari Timotheo alishangaa, kisha akaketi kwenye ngazi. Wakakaa pale jua likipasua ukungu, na akazungumza kama mtu anayezungumza na mwenzake wa kazi. Alimwambia kuhusu mtu anayekonda bila sababu, na maumivu yanayomwamsha mtu usingizini. Alimwambia kuhusu ganzi inayopanda. Alimwambia kuhusu mguu mmoja unaovimba na kuwa wa moto baada ya uzazi au baada ya kulala kitandani muda mrefu, kwamba ndani yake damu imeganda, na ukiuchua donge linaweza kusafiri mpaka kwenye mapafu na kumwua mtu hapo hapo. Na maumivu ya bega la kushoto yanayokuja mtu akipanda mlima, alisema, ukiona hayo usilitafute bega, ni moyo. Tusajigwe hakuandika, hakujua kuandika vizuri. Aliyarudia midomoni kama mtu anayejifunza zaburi.

Mbalizi haikumpokea vizuri. Habari zilikuwa zimetangulia: mikono ya Tusajigwe imepoa, sasa inapeleka watu hospitali. Kipupwe kizima kitanda cha kamba kilikaa bila mtu. Wachache waliokuja walikasirishwa na maswali. Mtu ameumwa kiuno, kwa nini aulizwe habari za jasho na mkojo. Alikuwa akikaa peke yake akitazama ukungu, na zile ndoto za Philbert zilimjia yeye sasa: unga wa mbao unashuka, mtu yuko chini, haonekani uso.

Kisha likaja jambo la Damari, binti wa jirani, aliyekuwa amejifungua karibuni. Mama mkwe wake alimleta akichechemea, akasema mguu umekaza, mchue. Tusajigwe aliugusa kwa nyuma ya mkono tu. Ulikuwa wa moto, umevimba kutoka kwenye goti kushuka, na mguu wa pili ulikuwa mwembamba. Aliuliza maswali yake, akarudisha mafuta kwenye kibuyu. Mama mkwe alisonya. Lakini Damari alibebwa akapelekwa hospitali, na daktari akasema ndiyo, damu imeganda, hakufaa kuchuliwa. Alipona. Yeye mwenyewe, akiwa na mtoto mgongoni, alizunguka nyumba kwa nyumba akisimulia, na polepole watu wakarudi kwenye kitanda cha kamba, safari hii wakijibu maswali kabla hawajaulizwa.

Philbert alilala Mbeya mpaka mvua nyingine zikaja. Tusajigwe alikwenda kumtazama kila alipoweza. Alimkuta chali kwenye plasta yake kama mtu aliyelazwa kwenye mtumbwi mweupe, akitazama dari, amenenepa usoni. Siku moja Paskalina alimpokea mlangoni, akamvuta mkono mpaka kitandani. Kidole gumba cha mguu wa kushoto kilikuwa kinacheza. Kilicheza kidogo, kikachoka, kikapumzika, kikacheza tena. Philbert alikuwa anakitazama kwa kioo kidogo, machozi yakimtiririka kuingia masikioni, maana alikuwa amelala chali. Kalinga alikuwepo. Alimsogelea Tusajigwe, akainama, akamwamkia kwa mikono miwili kama anavyoamkiwa mama mzazi.

Baada ya hapo walimhamishia hospitali ya misheni kule Iringa, karibu na kwao, amalizie dawa.

Mwaka uliofuata Tusajigwe alipanda basi la kwenda Iringa. Hakuwahi kufika huko. Basi lilipita nchi tambarare ya Usangu, likapanda tena kwenye baridi, na pale Mafinga watu wa mbao waliingia na harufu ya misonobari kwenye nguo zao. Alisinzia, akaamka, milima ilikuwa bado inapita. Nyumba ya Philbert ilikuwa nje kidogo ya mji, chini ya majabali makubwa ya kijivu yaliyokaa juu ya vilima kama ng'ombe waliolala.

Alikuja kumlaki mwenyewe. Alikuwa na fimbo mbili na mgongo wake ulikuwa na kibyongo kidogo ambacho hakitanyooka tena, naye alitembea polepole, akiuweka kila mguu chini kwa makini, lakini alitembea. Kupasua mbao alikuwa ameacha kabisa. Sasa alichonga viti vya miguu mitatu na kuviuza mjini, na mbele ya nyumba kulikuwa na vingi, vipya, vimepangwa kukaushwa, kama wageni wanaosubiri wenyeji. Alisema haoti tena sana. Analala tu kama gogo, alisema akicheka.

Kalinga naye alikuwa amekuja kutoka Mbalizi kwa shughuli zake. Paskalina alileta ulanzi kwa wanaume na togwa kwa Tusajigwe, ambaye dini yake haikumruhusu pombe, wakakaa nje wakiongea habari za watu na za mazao. Viazi vilikuwa vinachemka. Mawingu yalikuwa yanakusanyika nyuma ya majabali bila haraka. Ndipo Kalinga, ambaye alikuwa akilizungusha kopo lake, akasema kwa aibu kwamba bega lake la kulia linamsumbua.

Tusajigwe alimtazama. Alimwuliza linauma wakati gani. Alisema akinyanyua mbao. Akipumzika je. Linatulia. Linamwamsha usingizini? La. Amekonda? Paskalina alicheka akasema mtazame tumbo lake. Vidole vina ganzi? Kifua kinabana akipanda kilima? Kalinga alijibu yote kwa utulivu, mikono juu ya magoti, kama mtu aliye mbele ya kasisi.

"Haya, baba," Tusajigwe alisema. "Vua shati."

Alimchua pale pale nje, chini ya upenu, juu ya mkeka, na mafuta aliyoazima kwa Paskalina. Fundo alilikuta mara moja, chini ya mfupa wa bega, gumu na la kawaida kabisa, akalishikilia mpaka likajifungua. Kalinga alianza kusimulia bei za mbao, sentensi ikarefuka, ikalegea, ikaishia njiani. Matone ya kwanza ya mvua yalipoanguka, Philbert aliinuka na fimbo zake kwenda kuviingiza viti vyake ndani, na Paskalina akamrushia shemeji yake shuka, akisema aamshwe baadaye, viazi vikiiva.